Mfongo, Bomba na Njia: Habari za Kuchimbwa kwa Marangu

Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka msituni na kulala juu ya migomba hata saa nne ya asubuhi, Marangu huwa nchi ya baridi. Wazee hukaa jikoni karibu na mafiga, na mgeni aliyetoka pwani hustaajabu kwamba bado yu katika Afrika. Mwaka mmoja mgeni wa namna nyingine, mtu wa Ulaya ya kaskazini aliyekuja kupanda mlima, aliniuliza kwa nini hatujaletewa mabomba ya maji ya moto kama yaliyo kwao. Nilimcheka kidogo, kisha nikamwomba anieleze.

Akanieleza kwamba katika miji mingi ya kwao kila nyumba haiwashi moto wake. Kuna tanuri moja kubwa lichemshalo maji kwa ajili ya mji mzima. Maji hayo hupita katika mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, huingia nyumbani, huacha joto lake, kisha hurudi tanurini yamepoa. Baadaye nilisoma zaidi, nikaona kwamba jambo hili si la jana. Mmarekani Birdsill Holly alipitisha mvuke chini ya njia za mji wa Lockport, katika jimbo la New York, mwaka wa 1877. Na watu wa Reykjavik, ambao Mungu amewajalia chemchemi za moto, walianza kuyaleta maji yake majumbani mwaka wa 1930. Lakini yule mgeni hakuwa na sifa tupu. Alilalamika kwamba kila kiangazi mabomba yanapofukuliwa au kutandazwa upya, barabara hufungwa, wenye maduka hulia, na wazee hawajui wapite wapi. Nikamwambia kwamba katika jambo hilo kwao na kwetu ni ndugu. Sisi hatuna bomba la moto, na joto la nyumba zetu zamani lilitoka kwa mafiga na kwa ng'ombe waliolala ndani pamoja nasi. Walakini habari ya kuchimbuliwa njia kwa ajili ya maji tunaijua, tena tuna historia yake ndefu kuliko ya Lockport.

Historia hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa. Watu wengi wameandika juu ya maji ya Kilimanjaro, na wengi wao wameisifu mifereji. Wachache wameuliza swali ambalo mchimbaji na mpita njia huulizana kila siku, nalo ni hili: ni nani aliye na haki ya kuchimba, na ni nani apaswaye kufukia?

Yafaa kwanza msomaji aione nchi yenyewe. Marangu imegawanyika katika migongo mirefu iteremkayo kutoka msituni kuelekea tambarare, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde lenye mto. Una, ambao maporomoko yake ya Kinukamori yako karibu na Marangu Mtoni, ni mmoja wa mito hiyo. Moonjo ni mwingine. Mito hii imejichimbia chini sana, hali watu wanakaa juu migongoni katika vihamba vyao vya migomba na kahawa. Maji yapo basi, karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Mwanamke asikiaye mto ukivuma usiku kucha chini ya nyumba yake aweza kutumia sehemu kubwa ya asubuhi akishuka na kupanda na ndoo moja.

Wazee wa kale walilitatua jambo hili kwa mfereji, uitwao mfongo kwa Kichagga. Walipanda juu mpaka mahali ambapo mto bado uko karibu na uso wa nchi, wakajenga banio la mawe, matawi na udongo, wakayatoa maji kando. Kutoka hapo mfongo haufuati mto. Mto huteremka kwa haraka. Mfongo hushikamana na ubavu wa mlima, ukishuka kidogo kidogo tu, na kila hatua mto unazidi kuwa chini yake, mpaka mfongo unatokeza juu ya mgongo ambapo watu wanakaa. Mtu asiyejua huapa kwamba maji yanapanda mlima. Palipokuwa na korongo waliyavusha maji katika magogo yaliyotobolewa. Hawakuwa na chombo cha kupimia mteremko. Walikuwa na macho, na maji yenyewe, ambayo husema kweli mara moja ukikosea. Chini ya mfongo walichimba mabwawa madogo yaitwayo nduwa, yajazwe usiku na kufunguliwa mchana. Msomaji ajuaye neno hilo hatastaajabu kusikia kwamba katika Marangu kuna kijiji kiitwacho Nduweni.

Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi katika nchi ya Mangi Rindi mwaka wa 1884, alikuwa mmoja wa wageni wa kwanza walioandika kwa mshangao juu ya mifereji hiyo. Makadirio yatajwayo mara kwa mara katika karne ya 20 ni kwamba mlima mzima ulikuwa na mifereji yapata 1,000, na urefu wake ukijumlishwa ulikaribia kilomita 1,800. Urefu huo wote ulichimbwa kwa jembe na kwa mti uliochongwa ncha.

Hapa nataka niseme jambo ambalo sikuliona katika vitabu, ila nililiona kwa kusimama njiani. Njia zetu hufuata migongo: hupanda na kushuka. Mfongo huenda kwa kukingama. Kwa hiyo mfongo na njia hukutana kama watu wawili wanaopishana, na mahali pa kukutana ni pamoja tu. Magogo mawili au jiwe bapa hutosha kuwa daraja. Mfongo waweza kuchimbwa kwa maili kadhaa na njia isikatwe ila mara tano au sita. Bomba si hivyo. Bomba hupenda njia iliyonyoka, na njia iliyonyoka kutoka msituni mpaka tambarare ndiyo hiyo hiyo waipitayo watu. Bomba huandamana na njia tangu mwanzo hata mwisho, na kila hatua lichimbiwayo ni hatua ambayo mtu alikuwa akiikanyaga. Tofauti hii, ambayo ni ya umbo tu, ndiyo iliyozaa ugomvi mwingi ambao watu wameuita ugomvi wa ujinga na maendeleo.

Tuangalie sasa sheria ya mfongo. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kijerumani aliyekaa Moshi ya Kale kwa miaka mingi hata 1938, aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, kikatoka mwaka wa 1926. Na Mangi Petro Itosi Marealle, ambaye ni mtu wa Marangu hii hii, alituandikia kwa Kiswahili mwaka wa 1947 kitabu chake cha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Asomaye hayo, kisha akawasikiliza wazee waliosalia, ataona kwamba mfongo ulikuwa na mwenyewe. Ukoo wa yule aliyeuanzisha ndio uliokuwa na neno la kwanza, na msimamizi, meni mfongo, aligawa zamu za maji. Siku ya kazi pembe ilipigwa, wanaume wakatoka na majembe. Asiyetoka bila ya sababu alitozwa pombe au alinyimwa maji mpaka alipe. Sadaka zilitolewa penye banio. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika kazi hiyo, ijapokuwa wao ndio walioyabeba maji maisha yao yote. Walichota alfajiri, kabla ya mifugo na mikono ya watu kuyachafua. Sitaki kuipamba desturi kuliko ilivyokuwa. Ilikuwa desturi ya wanaume, nayo ilikuwa na ubaguzi wake.

Hata hivyo desturi ile ilijua jambo moja barabara, nalo ni kwamba kuchimba katika kihamba cha mtu ni kumgusa mtu mwenyewe. Kihamba si shamba tu. Humo wamezikwa baba na babu, na zamani mifupa iliwekwa penye masale. Sale lilikuwa mpaka, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu lilikuwa ombi la msamaha ambalo ilikuwa aibu kulikataa. Atakaye kupitisha maji katika kihamba cha jirani alikwenda kwanza kukaa naye na kunywa mbege pamoja naye. Kazi ilianza baada ya maneno.

Kisha wakaja wenye kuanza kazi kabla ya maneno. Carl Peters alikaa Marangu mwaka wa 1891 akiwa mjumbe wa dola ya Ujerumani, na jinsi alivyotawala na kunyonga watu ilichukiza hata kwao, akafukuzwa kazini mwaka wa 1897. Sina haja ya kuyarudia mambo yake. Kwa habari yetu yatosha kusema kwamba baada ya boma kuhamishiwa Moshi, na baada ya Mangi Meli kunyongwa mwaka wa 1900, watu wa mlimani walilazimishwa kutengeneza barabara. Barabara ya Mjerumani ilikuwa kitu kigeni. Ilikuwa pana, ilitaka kukingama kama mfongo ili iunganishe nchi ya Mangi mmoja na ya mwingine, na ilipokutana na mfongo haikuuliza. Reli ilipofika Moshi mwaka wa 1911 haja ya barabara ikazidi, na kahawa ikaongeza haja hiyo baadaye.

Waingereza walileta karatasi. Mwaka wa 1923 walitunga sheria ya maji, na tangu hapo haki ya maji ikaanza kuwa jambo la kuandikishwa. Wenye mashamba makubwa chini tambarare walijua kuandika. Watu wa mlimani walijua kupiga pembe. Charles Dundas, aliyekuwa mkubwa wa serikali huko Moshi na rafiki wa kweli wa wakulima wa kahawa, aliusifu ustadi wa mifereji katika kitabu chake cha mwaka wa 1924, lakini sifa si cheti. Kidogo kidogo maofisa walianza kusema kwamba mifereji inapoteza maji, inamomonyoa udongo, na inaleta homa za tumbo. Katika hilo la mwisho walikuwa na haki. Maji yapitayo wazi mbele ya nyumba nyingi huchukua uchafu wa nyumba nyingi.

Kwa hiyo bomba lilipokuja halikuja kama adui. Katika miaka ya 1950 bei ya kahawa ilikuwa nzuri, watu walikuwa na fedha, na Baraza la Wachagga, katika siku za Mangi Mkuu Thomas Marealle aliyechaguliwa mwaka wa 1952, lilitaka mabomba kama lilivyotaka shule. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961 na umangi ulipoondolewa mwaka wa 1963, tamaa hiyo haikuondoka pamoja nao. Mwaka wa 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa vijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Ilikuwa ahadi kubwa kupita kiasi, na mwaka wa 1991 ulipofika haikuwa imetimia. Lakini mtu aliyekuwa mama wa watoto watano mwaka ule wa 1971 hakuicheka. Kwetu watu waliitwa kwenye msaragambo, wakachimba mtaro kwa mikono yao wenyewe, kila nyumba ikapimiwa hatua zake. Marehemu mama yangu, ambaye desturi ya mfongo ingemkataza kushika jembe penye maji, alichimba hatua zake na za jirani aliyekuwa mgonjwa. Alipenda kutuonyesha mahali penyewe.

Nimetaja msaragambo kwa makusudi. Mtaro ule ulichimbwa katika njia ile ile na udongo ule ule wa baadaye, na hapana aliyelalamika. Kila aliyechimba alijua atapita hapo jioni, na kwa hiyo alifukia. Tena walichimba kipande kidogo, wakalaza bomba, wakafukia, ndipo wakaendelea. Mbinu hii haiko katika kitabu cha uhandisi nilichowahi kukiona, lakini kila mwenye kuishi kando ya mtaro huibuni mwenyewe.

Miaka michache iliyopita njia yetu ilichimbwa tena. Mabomba ya kale, ya chuma, yalikuwa yameoza, na watu walikuwa wameongezeka. Kazi alipewa mkandarasi ambaye sina haja ya kumtaja. Alikuja mwezi wa Februari na vijana wengi hodari, na kwa majuma matatu wakachimba mtaro wenye kina cha kifua cha mtu, kutoka karibu na msitu mpaka chini kabisa penye barabara ya lami. Walichimba wote kwanza. Mabomba yangekuja baadaye kwa lori. Walituambia kwamba kila kitu kitakuwa kimefukiwa kabla ya masika.

Masika hayakungoja lori. Ajuaye udongo wetu mwekundu na mteremko wetu atafahamu kilichotokea bila ya kuelezwa. Mtaro ulionyoka juu ya mgongo ni mto ambao Mungu hakuuumba. Mvua ya kwanza iliujaza, ya pili ikaupanua, na ya tatu ikaanza kula kingo za vihamba. Udongo uliokuwa umerundikwa kando ulirudi ndani, kisha ukateremka hadi barabarani. Bodaboda ziliacha kupanda. Mwenye ng'ombe alimwaga maziwa, au aliyapeleka kwa mguu akizunguka kwa njia ya mtoni. Watoto wadogo hawakwenda shule siku za mvua, maana ubao wa kuvukia ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa kuteleza. Usiku mmoja mama mjamzito alishikwa na uchungu. Walimchukua kwa kiti mpaka chini, watu wanne, na taa ya simu. Alijifungua salama. Sikusudii kuongeza chumvi, na kama isingekuwa salama ningesema.

Jambo ambalo watu wa njia yetu hawatalisahau ni maziko. Mzee wa upande wa pili wa mtaro alifariki katika juma la mvua nyingi kuliko yote. Jeneza lilitoka hospitali, likafika barabarani kwa gari, na kutoka hapo likabebwa. Lilipofika mkabala wa kihamba chake, ubao wa kuvukia haukuweza kuwabeba watu sita pamoja na mzigo wao. Vijana wakashuka mtaroni, wakasimama ndani ya maji safu mbili, na jeneza likapita juu ya vichwa vyao kutoka mkono hata mkono. Mchungaji aliyesimama ng'ambo alifunga kitabu chake mpaka lilipofika. Hapakuwa na kilio wakati huo. Watu walishika pumzi tu. Wakwe waliotoka mbali waliona, nasi tuliona kwamba wameona. Aibu ya namna hiyo haina ankara ya kuiandikia.

Lakini kabla ya hayo yote, katika mwezi ule wa Februari, lilikuwapo jambo jingine, na hilo nalikumbuka kwa uchangamfu. Vigingi vya mpimaji vilipita katika pembe ya kihamba cha mzee mmoja, karibu sana na kaburi la baba yake. Asubuhi kigingi kile kilikutwa kimefungwa jani la sale. Vijana wa kuchimba, ambao wengi walitoka mikoa mingine, walitaka kuling'oa. Mmoja aliyekulia Kilema akawazuia, akaenda kumwita mhandisi. Huyo naye alikuwa kijana, si mtu wa mlimani, lakini alikuwa na adabu. Alivua kofia, akamsalimu mzee shikamoo, akakubali kukaa.

“Mzee wangu,” alisema, “mfereji waweza kupinda, lakini bomba halipendi kupinda. Kila kona ni kiungo, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.”

“Nimesikia, mwanangu,” mzee akamjibu. “Sisi nasi hatupendi kufukuliwa. Basi lifundishe bomba lako adabu kidogo. Hatua nne tu.”

Kijana alicheka, akapima, akasogeza vigingi hatua nne. Viungo viwili viliongezwa. Hata leo, kwa kadiri nijuavyo, havijavuja.

Yule mhandisi alinifundisha na mimi. Nilimwuliza kwa nini kila baada ya mwendo fulani wanajenga tangi dogo la saruji, na maji yanafunguliwa humo kisha yanaanza safari upya. Akanieleza kwamba maji yaliyofungwa ndani ya bomba hubeba uzito wa kimo chote kilicho juu yake. Kila mita 10 za mteremko huongeza msukumo ulio karibu sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Bomba likishuka mita 300 bila ya kupumzishwa, msukumo wake unafika mara 30, na bomba la kawaida hupasuka. Tangi huyatua maji mzigo wao. Nikafikiri kwamba mfongo haukuwa na haja ya tangi, kwa kuwa haukuharakisha wala haukufungwa. Lakini pia mfongo haukuweza kumfikishia mgonjwa maji yasiyo na vidudu.

Mtaro huo ulipofika mahali pa magogo mawili, yaani pale mfongo wetu unapoikata njia, wachimbaji waliukata mfongo. Walikuwa na barua yenye mhuri. Kwa sheria ya mwaka wa 2009 maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ayatumiaye kwa mfereji hupaswa kuwa na kibali. Wenye mfongo wetu walikuwa bado hawajamaliza kuandikishwa. Kwa hiyo pande mbili zilikutana hapo, moja ina mhuri na nyingine ina kumbukumbu. Msimamizi wa mfongo, mtu wa zaidi ya miaka 70, hakuja na ghasia. Alikaa juu ya jiwe kwa muda wa siku mbili akiwatazama wachimbaji. Siku ya tatu alimwuliza msimamizi wao kama ana migomba kwao. Akajibu kwamba anayo, huko Bukoba. “Basi unajua,” akasema mzee, akanyamaza.

Nadhani neno lile lilifanya kazi kuliko barua, ingawa lilichelewa. Chini ya hapo kulikuwa na vihamba kadhaa, na Februari ni mwezi wa jua kali. Maji yalikosekana kwa siku tisa. Kahawa changa ya watu wawili ilikauka.

Hapa sina budi kusema kwamba lawama zote si za wachimbaji. Mfongo ule ulikuwa mgonjwa kabla hawajafika. Tangu bomba la msaragambo lilipoleta maji mpaka karibu na nyumba, wanaume wengi waliacha kuitikia wito wa kusafisha mfereji. Waliokuwa na kazi mjini walituma fedha badala ya mikono. Kisha hata fedha zikakoma. Nduwa ya karibu nasi ilifukiwa, ikajengwa nyumba. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengine waling'oa mikahawa, na asiye na kahawa hana haja kubwa ya zamu ya maji. Tena banio liko msituni, na tangu mwaka wa 2005 msitu wote umetiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, hata kwenda kulitengeneza kwataka ruhusa. Mtu akiyahesabu hayo atastaajabu kwamba mfongo bado una maji, wala si kwamba ulikatwa siku tisa.

Lakini bomba haliwezi kuchukua kazi yote ya mfongo. Maji ya bomba hupimwa kwa mita na kulipiwa, na hakimu yeyote angemhurumia mkulima aliyejaribu kumwagilia migomba kwa maji ya kulipia. Tangu sera ya maji ya mwaka wa 1991, na ile ya 2002 iliyofuata, maji ya vijijini hayatolewi tena bure, na mlimani neno hilo lilipokewa kwa uchungu. Watu hawakuwa wakaidi. Walikuwa wamezoea kuyalipia maji kwa jasho, siku ya pembe, na hawakuona ni jasho la nani wanalolilipia sasa. Mzee mmoja aliniambia kwamba yeye halipi maji, analipa bomba. Na kwa kuwa bomba alilichimbia mwenyewe miaka ya 1970, angependa kujua analilipa mara ngapi. Nilimweleza habari ya dawa, viungo, mafundi na mishahara. Alisikiliza kwa upole, akasema kwamba hayo ni kweli.

Wako wasemao kwamba ugomvi huu utakwisha wenyewe, kwa kuwa theluji ya Kibo inakwisha na mito itakauka. Ni kweli kwamba theluji inatoweka: kati ya mwaka wa 1912 na wa 2007 barafu ya mlima ilipungua kwa asilimia 85. Lakini mito yetu hailishwi hasa na barafu. Inalishwa na mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu, na kwa hiyo shoka na moto vyaweza kutudhuru zaidi kuliko jua la kileleni.

Lori la mabomba lilifika mwezi wa Mei. Yalikuwa ya plastiki nyeusi, yamezungushwa kama nyoka aliyelala, na vijana waliyatandaza kwa siku chache tu. Kufukia kulichukua muda mrefu zaidi, maana udongo wenyewe ulikuwa umekwisha kwenda barabarani, ikabidi mwingine uletwe. Wakazi walitoka na majembe bila ya kuitwa, wanaume na wanawake, wakafukia sehemu zilizo mbele ya nyumba zao. Mkandarasi alishukuru, na baadhi yetu tulisema kwamba angetulipa. Hakutulipa.

Penye magogo mawili bomba lilipitishwa chini ya mfongo, ndani ya kipande cha bomba pana zaidi, na mfongo ukajengewa saruji kwa urefu wa mita tatu. Msimamizi wa mfongo alipinga saruji hiyo, akisema kwamba maji yatateleza kwa haraka na kuchimba mahali inapokoma. Mwaka uliofuata palichimbika, akaweka mawe. Njia yenyewe imetulia, ila kila masika ardhi hudidimia kidogo katika mstari ulionyoka kutoka juu hata chini, na mgeni apitaye hapo usiku huambiwa ashike upande wa kushoto.